Kelele za Mheshimiwa

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwendo wa saa nne asubuhi, Mukai alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake huko Riruta, leso ameipandisha juu ya goti, akisokota nyuzi za mkonge kwenye paja. Ndivyo mamake alivyomfundisha kule Mwala. Uzi wa kiondo, kikapu cha mkonge, husokotwa kwenye ngozi ya mtu. Unausukuma mbele kwa kiganja, unaurudisha nyuma, na ikifika jioni paja linawaka kama lililopakwa pilipili. Jirani yake Rael alikuwa anaanika nguo. Pikapu ya kampuni ikaingia kwenye ploti ikiwa imebeba mlango mmoja wa gari, mweusi, mpya, umefunikwa blanketi.

Aliyeshuka alikuwa mhandisi Kitonga. Mukai alimfahamu, kwa sababu mumewe, Shem Ochola, alikuwa amepulizia rangi pikapu za kampuni hiyo kwa miaka kumi na tisa, hadi kifua kikakataa. Barakoa za chumba cha rangi zilikuwa zikitolewa stoo siku ya wageni, na wageni wakishaondoka zinarudishwa zikiwa safi vilevile. Sasa Shem alikuwa analala mchana kutwa, na sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono. Kampuni ilimtumia kadi ya kumtakia afya njema. Ilikuwa kadi nzuri, yenye maua.

"Mwaitu, habari ya asubuhi," Kitonga alisema, akimwita vile anavyomwita mamake mzazi. "Niko na shida, na nimeona wewe ndio utanisaidia."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka thelathini kampuni ilikuwa imeunda pikapu za kubeba maziwa, makaa, mabati na majeneza, na hakuna abiria wa namna hiyo aliyewahi kulalamikia kelele. Lakini mkurugenzi, Bwana Kiema, alikuwa ameamua kuunda gari la kifahari, refu, la wakubwa, ili mtu akishuka mbele ya hoteli mjini asione haya kwamba gari lake limeundwa hapa nyumbani. Liliitwa Mheshimiwa. Lilikuwa na viti vya ngozi, dashibodi ya mvule, na taa ndogo ya kusomea gazeti. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukiwa ndani lilinguruma kama mashine ya kusaga posho.

"Tumeweka sponji, tumeweka raba, bado tu," Kitonga alisema. "Halafu nikakumbuka nikiwa mtoto nilikuwa naingiza kichwa kwa kiondo ya nyanyangu. Dunia yote inanyamaza. Sasa nataka unisukie ya kuingia ndani ya milango. Na ya chini ya boneti."

"Kiondo ya gari?"

"Kiondo ya gari."

Mukai akauliza vipimo.

Kiwandani walijaribu kwanza nyuzi zilizosokotwa kwa mashine, na gari likaendelea kunguruma. Zikabaki nyuzi za pajani. Kampuni ilikuwa na haraka, kwa hiyo kabla hata hazijajaribiwa barabarani Mukai alikuwa ameshasokota na kusuka vya magari ishirini na matatu. Paja lake la kulia liliota sugu nene kama kisigino. Shem, akiwa kitandani, alikuwa akimtania kwa ule mnong'ono wake kwamba ameoa mguu mmoja wa mwanamke na mmoja wa ng'ombe.

Mheshimiwa wa kwanza alitolewa mwezi wa tano, akapitishwa Uhuru Highway, akapanda Waiyaki Way, akarudi. Kitonga, aliyekaa nyuma, alisikia saa yake ya mkononi ikipiga. Dakika hiyohiyo kelele ilianza Riruta, nyumbani kwa Mukai: injini, magurudumu juu ya lami, honi za watu wengine, upepo, na mtu aliyekuwa anauza njugu karibu na dirisha. Rael alikuja mlangoni, akasikiliza kidogo.

"Ikitolewa kwa gari lazima iende mahali," alisema, akarudi kuosha sufuria.

Ilikuwa kelele yenye tabia zake. Ilikaa ndani ya hatua nne kutoka alipo Mukai, haikuvuka hapo. Akienda sokoni ilikwenda naye, na wauza sukuma wiki walizoea kumwonyesha bei kwa vidole. Akiketi iliketi naye. Kila kitu ambacho aliyekaa ndani ya Mheshimiwa hakutaka kukisikia kilimfikia yeye, na baada ya wiki chache alizijua barabara za mjini ambazo hakuwa amezikanyaga. Alijua ni saa ngapi watu wa Muthangari humpigia honi askari wa geti. Alimjua kwa sauti kipofu mmoja aliyeomba kwenye taa za barabarani, aliyegonga vioo kwa pete.

Mwanzoni usiku ulikuwa wao. Gari likiegeshwa, kimya kilirudi, na Mukai na Shem waliongea hadi usingizi ukawachukua. Kisha magari yakauzwa, mawili, saba, kumi na tano, na kufikia mwezi wa nane yote ishirini na matatu yalikuwa barabarani. Hoteli moja ilichukua manne ya kupokea wageni uwanja wa ndege. Baada ya hapo hapakuwa na saa ambayo halikuwepo hata moja lililowashwa.

Ndipo Shem akawa na jambo la kusema.

Alimwambia Rael kwanza, siku Mukai alipokwenda kuchota maji na chumba kikapata utulivu. Alisema kuna jambo anataka kumwambia mkewe kabla ya kuondoka. Rael akajitolea kulifikisha. Shem akakataa kwa kichwa.

"Hiyo ni ya Mukai," alinong'ona.

Walimpa kalamu. Aliishika kwa vidole vyote vitano. Aliandika jina la mkewe, akalitazama, akairudisha kalamu. Rael akaleta simu amrekodi. Shem akaigeuza uso chini juu ya blanketi. Yeye na Mukai hawakujaliwa mtoto. Kwa miaka ishirini na sita kila jambo la nyumba ile lilikuwa limesemwa na mmoja wao na kusikiwa na mwingine, na hakuona sababu ya kuingiza mashine sasa. Mukai alijaribu kusoma midomo yake. Lakini Shem alikuwa mtu wa kuanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kijaluo, na midomo ikimkimbia njiani. Alimwekea sikio mdomoni kabisa, akasikia joto la pumzi tu. Alitoka nje akalia, na kelele ikatoka naye, hata kilio chake mwenyewe hakukisikia.

Siku ya tatu alivaa nguo za kanisani akaenda mjini, makao makuu ya kampuni, ghorofa ya tisa. Kwenye lifti watu walisogea ukutani kumpisha yeye na kelele yake. Bwana Kiema alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti mwenyewe. Glasi za maji zilitetemeka mezani, na ilibidi wapaze sauti.

"Naomba tu mzime magari," Mukai alisema. "Yote. Robo saa. Mzee wangu anataka kuongea na mimi."

"Mama, pole sana kwa ugonjwa," Kiema alisema. "Lakini hao ni wateja. Nitamwambia nini mtu amenunua gari ya kunyamaza? Ati azime juu ya kelele?"

"Ni yangu lakini. Inanijia mimi."

Kiema alifikiri. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na mama yake mzee kule Machakos na alimpigia simu kila Jumapili.

"Kila gari iko na bomba ya moshi, mama," alisema mwishowe, kwa upole. "Na hakuna mtu huuliza bomba inasikia aje."

Akampa zawadi, vifuniko vya masikio vyenye nembo ya kampuni, akamsindikiza hadi kwenye lifti.

Kitonga alikuwa kwenye chumba hicho na hakusema neno. Hilo lilimsumbua. Alhamisi alitunga ujumbe wa simu bila kumwuliza mtu, akautuma kwa kila mwenye Mheshimiwa: kwa usalama wa gari lako, tafadhali zima injini Jumamosi saa tisa mchana hadi saa tisa na robo. Wakubwa ni watu wanaojali sana usalama wao. Kisha akapitia Riruta, akamwandikia Mukai saa hiyo kwenye kiganja kwa kalamu, maana hawangesikizana.

Jumamosi Mukai alimwosha Shem, akamvalisha shati la samawati, akamwegemeza kwenye mito miwili. Alimwonyesha saa ya ukutani kwa kidole, na Shem akaelewa. Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeambiwa basi lake limefika. Rael alitoka, akafunga mlango, akaenda kukaa mbali ili asije akasikia mambo ya watu.

Saa tisa kasoro dakika moja kelele zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine. Lilizima la Muthangari lenye kijiwe kwenye gurudumu. Yalizima yale manne ya hoteli, kwa mpigo. Lilizima la jaji, la askofu, la mwanamke wa maua ya kuuza nje, ambalo lilikuwa likipita kila siku kwenye taa za yule kipofu. Mukai alihesabu kwa vidole. Ishirini na moja. Ishirini na mawili. Alisikia kuku wa ploti ya pili, kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa miezi.

Moja likabaki.

Lilikuwa limeegeshwa, halisongi. Injini ilikuwa inazunguka polepole na feni ya kupozea hewa ikivuma. Halikuwa na kelele nyingi. Mwenye sauti angeweza kusikika bila taabu. Shem hakuwa na sauti.

Mukai akangoja lizime. Shem alisikia kelele imepungua, akadhani ndiyo yote. Aliona saa tisa imefika, akaanza. Aliongea kwa dakika kumi na mbili, akipumzika hapa na pale. Mahali pamoja alicheka. Mahali pamoja alimshika mkono na machozi yakamtoka, na alipoyafuta aliendelea haraka, kama anayeogopa kusahau. Mukai aliinama hadi paji la uso likagusa shavu lake. Alisikia injini. Kulikuwa pia na ndege wa miti mikubwa, na mtu aliyekuwa anafagia majani. Akajua ni Karen, mtaa wa matajiri.

Lilikuwa gari la Bwana Kiema. Ujumbe aliupata, na kwa kuwa yeye ndiye mkurugenzi alijua hakuna ukarabati wowote, akaufuta. Yeye mwenyewe hakuwemo garini. Siku hiyo binti yake alikuwa anasherehekea kumaliza chuo, na keki, ya ngazi tatu, ilikuwa kwenye kiti cha nyuma ikisubiri kuitwa. Dereva aliambiwa aiache hewa baridi ikiwa imewashwa, keki isije ikayeyuka. Dereva aliketi chini ya mti, akala samosa.

Shem akamaliza. Akamtazama Mukai vile mtu anavyomtazama mwenzake akisubiri jibu. Midomo ikasema neno moja, polepole, na hilo Mukai aliliona vizuri.

"Utafanya?"

Mukai angeweza kutingisha kichwa. Angeweza kumwonyesha sikio lake. Lakini uso wa Shem ulikuwa umetulia, mara ya kwanza kwa miezi mingi, na hakuwa na nguvu ya kuyarudia yale yote.

"Nimesikia," alisema. "Nitafanya, Shem. Yote."

Shem akatabasamu, akafumba macho. Saa tisa na robo magari ishirini na mawili yakawashwa tena. Alikufa saa kumi kasorobo, mkono wake ukiwa ndani ya wa mkewe.

Walimzika kwao, Yimbo. Kule mjane husimama mbele ya watu akaeleza jinsi mgonjwa alivyougua na neno alilosema mwisho. Mukai alisimama na kelele yake. Waombolezaji waliona mdomo wake ukisogea, wakaona ulivyosita, wakaitikia kwa vichwa. Bwana Kiema alituma shada kubwa kuliko yote. Mwezi wa kumi na moja Mheshimiwa alitajwa kuwa gari lililo kimya kuliko yote katika kanda hii, na kampuni ikatafuta wanawake wengine Kangemi na Kawangware wenye mapaja mazuri, wayasokotee magari mia moja.

Mukai bado anakaa Riruta, na anaitimiza ahadi yake. Alimrudishia shemeji yake baiskeli iliyokuwa imekaa kwao miaka minane. Alikwenda Mwala akapatana na dada yake, ambaye Shem hakupenda wakosane. Amepeleka shati la samawati kwa yule kipofu wa kwenye taa, ambaye Mukai aliwahi kumsimulia Shem habari zake. Amehamisha kitanda hadi ukuta wa pili, akapanda mchicha nyuma ya bafu, akaacha kutia sukari kwenye chai. Kila anapomaliza jambo moja husimama kidogo katikati ya chumba, akatazama pale kitandani, asijue kama ndilo aliloombwa. Kisha anafikiria lingine.