Daraja Lililoachwa Katikati

Saa ya ukutani ilipotimiza dakika ya sitini, fundi alinyoosha mkono akaizima televisheni, na mhandisi aliyekuwa ameinama juu ya mto akatoweka kabla ya kumaliza sentensi yake. Kwenye kioo ilibaki nukta moja nyeupe, kisha hata nukta ikaenda zake.

"Una roho ya jiwe," alisema mshonaji.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya miezi minne, ukiacha yale ya kazi: kifua, kiuno, urefu wa mkono, njoo Alhamisi. Tangu amzike mumewe alikuwa akivuka ukuta mmoja tu, ule uliotenganisha duka lake na karakana ya fundi, anaketi kwenye benchi na pindo zake za kushona kwa mkono, anatazama chochote kinachoonyeshwa, kisha anarudi kwake bila neno. Fundi hakuwahi kumuuliza kitu. Hakujua maswali ya namna hiyo huulizwaje.

Alichokijua vizuri ni vyombo vyake, na kwa vyombo hivyo alikuwa na sheria ambayo haikulegezwa kwa ombi wala kwa haraka ya mteja. Kila televisheni aliyoitengeneza ilikaa mezani ikiwaka saa nzima kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Ubovu mwingi, aliwaeleza waliotaka kujua na wengi wasiotaka, hujificha chombo kikiwa baridi. Lehemu iliyopasuka inashikana, picha inatulia, mteja anafurahi. Kikishapata joto, ufa unafunguka na mambo yanakwenda mrama. Dakika kumi hazithibitishi kitu. Saa moja inathibitisha. Zaidi ya hapo ni kula umeme tu.

Kwa hiyo wote waliopitia benchi lile waliiona dunia kwa vipande vya saa moja moja. Waliona mapenzi yakianza na harusi hawakuiona. Waliona maiti, muuaji wakamkosa. Kilichopungua walikijaza wenyewe, kila mtu kwa kadiri ya ulimi wake.

Mchana ule kilikuwa kipindi cha makala kuhusu daraja. Vikundi viwili vya wajenzi vilikuwa vikisogea kutoka kingo mbili za mto ulioonekana mpana, na zilipobaki hatua chache kukutana, mhandisi aligundua kwamba upande mmoja umekaa chini kuliko mwenzake. Hapo ndipo mkono wa fundi ulipofika kwenye swichi.

"Hawakutani hao," mshonaji aliendelea, macho yakiwa bado kwenye kioo cheusi. "Nimekata nguo miaka kumi na mitano. Mikono miwili ikikatwa na watu wawili, hata ulibembeleze vipi bega, halikubali. Piga ua, watabomoa."

Fundi alijibu kwamba chuma si kitambaa, akaibeba televisheni begani.

Ilikuwa ndogo, mali ya mkunga aliyekaa mtaa wa pili, na alihitaji kuipata kabla ya kwenda zamu. Fundi alitembea robo saa, akaiweka juu ya kabati, akachomeka waya, akaigeuza antena mpaka chenga zikaisha. Daraja lilikuwa bado linaonyeshwa. Alisimama akatazama: wanaume wenye kofia za chuma walikuwa wakifungua bolti moja baada ya nyingine, na kipande kizima cha daraja kilikuwa kikishushwa kwa minyororo hadi kwenye mashua. Hakuna aliyesema kitu, si wajenzi wala msimuliaji. Kisha mkunga akatokea amekwisha kuvaa sare, akamshukuru, akazima, akatafuta ufunguo wa mlango.

Njiani kurudi fundi alikuwa na jibu mkononi, safi kama kipimo cha mita. Watu walibomoa. Mshonaji alikuwa sahihi na yeye alikuwa amekosea, na kukosea hakujawahi kumsumbua maadamu ushahidi upo. Alikusudia kumwambia hivyo hivyo.

Alimkuta mlangoni kwake, pini mdomoni, akiwaeleza kinyozi na wateja wawili habari za mikono na mabega. Alikuwa amesimama. Mkono wake wa kulia ulichora daraja hewani. Alipomwona fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, kama mtu anayejiandaa kwa shughuli ndefu.

"Haya, mwenye chuma. Bado unasema watakutana?"

"Watakutana," alisema fundi.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jambo la ufundi, na uliishi miaka kumi na tisa. Mtaa mzima uligawanyika. Kinyozi alishika upande wa daraja, muuza magazeti akashika wa mto. Mshonaji hakupita mlangoni kwa fundi asubuhi bila kuuliza kama daraja limeshafika, naye fundi alijibu kwamba wanangoja kitambaa. Kutoka kwenye daraja walihamia kwenye vipindi vingine: daktari wa tamthilia ya kila Jumanne ambaye mshonaji alimwona mwongo kwa jinsi tu alivyovaa koti, makala ya ndege wahamao ambayo fundi aliikataa kwa kuwa hakuna aliyeeleza walihesabiwaje. Lakini ubishi ukipoa, mmoja wao alilitaja daraja, nao ukawaka upya. Fundi alibishana vizuri. Alisoma hata kitabu cha vyuma, apate hoja za kutetea jambo ambalo aliamini halikutokea.

Televisheni zilikuja kuwa bapa, kisha zikawa za kutupwa. Siku hizo karakana ilitengeneza feni na pasi, ambazo hazina la kutazama. Muuza magazeti aliacha kazi, kinyozi akafariki. Mshonaji alikuwa amenunua televisheni yake, na bado kila mchana alikuja na pindo zake kueleza alichokiona jana yake, mwanzo hadi mwisho.

Ijumaa moja alikuja bila pindo. Kituo fulani, alisema, kilikuwa kinarudia makala za zamani, na Jumapili saa tisa alasiri kingeonyesha ile ya daraja. Alikuwa ameona tangazo lake mara mbili ili awe na hakika.

"Uje kwangu," alisema. "Nataka ushindwe nikikuona."

Siku mbili fundi alipima jambo lile kama anavyopima saketi, pini baada ya pini. Akinyamaza, mshonaji atashinda, atafurahi, na ubishi utakuwa umekufa kifo cha kawaida. Akisema, ataonekana mtu aliyemfanyia mwanamke mzima mchezo wa kitoto kwa miaka kumi na tisa. Kipimo hakikuelekea upande wowote. Jumapili alivaa shati ambalo mshonaji ndiye aliyelishona, akaenda.

Sebule ilikuwa na viti viwili, kimoja kikiwa na marobota ya vitambaa, kwa hiyo fundi aliketi kwenye kigoda. Makala ilipoanza walipigwa na butwaa. Mhandisi ambaye kwa miaka yote walimtaja kuwa mzee mwembamba alikuwa kijana mnene. Mto ulikuwa mwembamba kuliko barabara ya sokoni. Mshonaji alilalamika kwamba wamebadilisha. Fundi alisema waliobadilika huenda ni watazamaji. Dakika ya sitini ilipotimia alishtuka ameshanyanyuka, mkono umenyooka, na mshonaji akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Keti, roho ya jiwe. Hapa hakuna mteja."

Bolti zilifunguliwa. Kipande kilishuka kwa minyororo. Mshonaji alipiga goti lake kwa kiganja, na fundi akaanza kuuandaa uso wake kwa kushindwa. Lakini msimuliaji aliendelea kusema. Kipande kilipelekwa ukingoni, kikapimwa, kikachongwa, kikarudishwa baada ya miezi saba. Pengo likazibwa. Mtu mmoja akatembea juu yake kutoka upande huu hadi upande ule, mikono mfukoni, kama anayekwenda dukani.

Majina ya watengenezaji yalipita wote wawili wakiyatazama.

"Umeshinda," alisema mshonaji hatimaye. Sauti yake ilikuwa imerudi mahali pa zamani, pale pa kifua na kiuno, na fundi aliitambua.

Basi akasema. Alieleza habari za mkunga, minyororo, robo saa ya njia, na mlango uliofungwa kabla ya mwisho. Alisema tangu siku ile ile aliamini kwamba mshonaji ndiye aliyeshinda. Hakutia chumvi na hakuomba radhi. Aliweka mambo kwa mfuatano wake.

Mshonaji alikunja kanga juu ya magoti, akaikunjua.

"Ulijua nimeshinda, ukanibishia."

"Nilidhani najua."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa hujasema kitu miezi minne."

Mshonaji aliikunja kanga tena.

"Kwa hiyo ulikuwa unanihurumia."

"Mwaka wa kwanza, ndiyo," alisema fundi.

Aliona swali lililofuata likija na akaona pia kwamba hana kifaa cha kulijibia. Lakini mshonaji hakuliuliza. Kwenye kioo kilikuwa kimeanza kipindi kingine: mwanamume mwenye miwani alikuwa akifungua mzinga wa nyuki kwa mikono mitupu na kusema kwamba hawamuumi kwa sababu wanamfahamu. Mshonaji alinyanyuka. Fundi, akidhani anaonyeshwa mlango, alianza kutafuta viatu vyake.

"Huyo mwongo," mshonaji alisema akiwa amemgeuzia mgongo. Alikuwa anayahamisha marobota kutoka kwenye kiti cha pili, moja baada ya jingine, na kuyaweka sakafuni.

Fundi aliacha kiatu. Alimtazama yule mwenye miwani, mikono yake, nyuki waliotembea juu ya vidole vyake, na jinsi ambavyo hakuwa na haraka hata kidogo.

"Mimi nadhani anasema kweli," alisema.