Jumba Lisilo na Mfalme

Katikati ya jiji la wanyama palikuwa na kiwanda cha magunia kilichotelekezwa. Wanyama wasio na pa kwenda wakakifagia, wakakigeuza jumba la wote: huku karakana ya baiskeli, kule jiko la pamoja, juu ukumbi wa maigizo. Mfalme hawakutaka hata kumsikia. Sheria yao ilikuwa moja, na waliringa nayo mji mzima: jambo halipiti mpaka wote wakubali, mmoja akikataa, limeanguka. Hata mwenzao akitaka kuhama na vifaa vyake, ni hivyo hivyo.

Wakampa Fisi uratibu wa msimu mmoja, ashike ufunguo wa lango. Msimu ukaisha. Barazani mikono yote ikapanda kwamba apumzike, isipokuwa wake.

"Mimi sikubali," alisema kwa upole. "Hoja imeanguka. Tuheshimu sheria, ndugu zangu."

Lo! Sheria si walijitungia wenyewe?

Haukupita muda, Fisi akataka chumba cha Nungunungu, mshona vikaragosi, kiwe sebule ya wageni wake. Nungunungu akakataa katakata. Kesho yake akakuta vikaragosi vimetupwa nje, na ndani makochi ya Mratibu yamejaa tele. Akakimbilia barazani.

"Chumba changu nilikataa kukitoa!"

"Kimeshachukuliwa, Bi Nungunungu," alijibu Fisi. "La leo ni kukurudishia. Nani anakubali?"

Wakakubali wote, ila Fisi mwenyewe.

"Basi naondoka," alisema Nungunungu kwa hasira. "Nimechoka mie. Niruhusuni niende na vikaragosi vyangu."

Fisi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wengine wakafuata kwa shingo upande. Nungunungu alishaanza kufunga mzigo wake, roho imemtulia, alipoona bawa la Kanga halijapanda. Kanga alikuwa mpishi wa jumba, na shoga yake wa tangu siku za kufagia.

"Shoga, nyoosha basi!"

"Siwezi, mwenzangu. Wewe peke yako ndiye unayemjibu huyu. Ukienda, atatusemea nani?"

"Kanga, nakufa humu ndani. Nakuomba."

"Nakupenda mno," alisema Kanga, machozi yakimtiririka, bawa kalibana ubavuni.

Fisi akashusha mkono taratibu, akaenda kuzungusha ufunguo langoni.

"Hoja imeanguka," alisema. "Na leo, wapenzi, msiseme ni mimi."