Kahondo Mikononi Mwangu

Mimi Thacienne nimeuza samaki hapa Gisenyi miaka thelathini na minne, na sijawahi kushindwa katika mabishano ya samaki. Mucyo wa ofisi ya uvuvi aliponiambia kahondo ameisha ziwani Kivu, nilimcheka hapohapo.

Kahondo ni samaki wa urefu wa kiganja, tumbo lake la njano kama ndizi mbivu. Nilipokuwa msichana tulimpata kwa ndoo nzima. Kisha mto Sebeya ukazidi kushusha matope ya milimani, na watu wakaleta nyavu za macho madogo zilizozoa hata vifaranga kwenye matete. Kahondo akawa samaki wa kusimuliwa. Lakini mwaka juzi nilimwona kwenye kighuba cha matete, na macho yangu nayaamini.

Mucyo alikulia Tanzania, ana adabu zake. "Mama, sikubishii," alisema. "Ila orodha yetu ya samaki waliobaki ziwani inafungwa Ijumaa. Nikimwona kabla ya hapo, kighuba kitafungwa, hakuna wavu utakaoingia. Nisipomwona, naandika ametoweka, na matete yatafyekwa. Akipatikana, mweke majini. Nitampiga picha, kisha tumrudishe."

"Utamwona," nikamjibu.

Alhamisi asubuhi Bahizi, mkuu wa kundi moja la wavuvi, alifika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akipiga kelele. "Maman Thacienne! Iko hapa, tena iko muzima! Mi sikuamini hata kidogo!"

Ndani ya ndoo yake kahondo, aliyenaswa kwenye kighuba kilekile, alikuwa anazunguka. Nikampigia Mucyo simu. Akasema anatoka Rugerero kwa pikipiki, nimpe robo saa.

Robo saa tu! Ningefunga mdomo robo saa, yote yangekuwa sawa. Lakini nilikuwa kwenye meza ya kusafishia samaki, na Cansilde, jirani yangu wa meza, ambaye kwa miaka miwili amenitania kwamba naota, alinyoosha shingo. "Hiyo ni sambaza tu, dagaa wa kila siku," akasema. "Bon, tuonyeshe tumbo."

Nikamtoa majini, nikamwinua juu. "We Cansilde, hii ni rangi gani? Sema mbele ya watu!"

Mwalo mzima ukacheka. Nami nikanogewa, nikawapasha mmoja mmoja: nani alisema nimezeeka, nani alisema macho yangu yameharibika. Kwetu mkono wa kushoto unashika samaki, wa kulia kisu, na mdomo unapiga soga. Hivyo ndivyo tunavyosafisha mamia kwa siku bila kutazama.

Cansilde ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Thacienne," akasema, "angalia mikono yako."

Nikatazama. Nilikuwa nimeshampasua. Kiganja changu kilijaa mayai, madogo, ya njano.

Mucyo alipofika sikumficha kitu. "Ni mimi," nikamwambia. Akachuchumaa, akapiga picha kichwa, ngozi na mayai, bila kunigombeza. Akasema ushahidi unatosha, kighuba kitafungwa. Nilikuwa nimeshinda mabishano, na nililia mbele ya wateja wangu wote.

Huu ni mwezi wa kumi tangu kighuba kizungushiwe vijiti vyenye bendera nyekundu. Hakuna aliyemwona kahondo mwingine. Bado nasema yupo, na anayebisha aje tubishane. Kila samaki mgeni anayenaswa nje ya kighuba, wavuvi huniletea nimtambue. Lakini kabla sijainamia ndoo, nampa Cansilde kisu changu anishikie, kisha naiweka mikono nyuma.