Bei ya Sindano ya Kabureta

Daktari wa ng'ombe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, na pikipiki yake ilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wiki hiyo ilianza kuvuja petroli. Fundi akaifungua kabureta, akatoa kisindano kidogo kama punje ya mchele, akamwonyesha ncha yake iliyolika.

"Hiki ndicho kinachoziba petroli," alisema. "Badilisha hiki tu, itatulia."

Akaenda duka la spea bila wasiwasi, maana kitu kidogo namna ile hakiwezi kumtoa mtu jasho. Muuza spea, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamtajia bei. Daktari akadhani amesikia vibaya.

"Nimesema sindano, sikusema tairi."

"Tairi ni nafuu, Daktari. Kwa bei hiyo ungepata mbili na chenji juu."

"Mara ya mwisho haikufika hata nusu yake."

"Mara ya mwisho mlikuwa wawili."

Muuza spea akamweleza. Aina ile ya pikipiki iliacha kutengenezwa siku nyingi. Vifaa vyake huagizwa mbali, na nauli ya kifurushi ni ile ile, kiwe na sindano moja au kumi. Miaka yote alikuwa akiagiza viwili viwili: kimoja cha Daktari, kingine cha mpima ardhi mmoja mwenye pikipiki kama yake. Nauli wakagawana, na hakuna aliyejua.

"Yule bwana haji tena. Mwaka wa pili huu. Sasa naagiza yako peke yako."

Mpima ardhi huyo aliwahi kuwa mume wa Daktari. Pikipiki zile walizinunua siku moja, rangi moja, wakarudi nazo nyumbani wakifukuzana barabarani kama watoto. Waliachana miaka kumi na mmoja iliyopita, bila matusi, kwa kuchokana tu, na kila mmoja akaondoka na yake. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kupeleka habari huku na huko.

"Amekufa?" aliuliza.

"Mimi nauza spea, Daktari. Mtu akiacha kuja, sijui kama amekufa au amenunua gari."

Siku tatu alichoma ng'ombe sindano huku akili yake haipo. Alijiambia hayamhusu. Jumamosi akapiga moyo konde, akaiwasha pikipiki ile ile inayovuja, na kila aliposimama akawa anafunga bomba la petroli.

Nyumba aliijua. Aliyefungua mlango ni dada wa mpima ardhi. Alimtazama kidogo, akampokea kofia mkononi.

"Wifi," alisema, kana kwamba wameonana jana. "Pita, yuko ndani."

Mpima ardhi alikaa karibu na dirisha, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele kama si wake. Kiharusi kilimpata mwaka juzi. Maneno yalirudi, mkono ukarudi, mguu ukagoma. Na mguu wa kushoto ndio unaobadilisha gia. Pikipiki yake ilikuwa mle mle sebuleni, nyuma ya mlango, imefutwa vumbi hadi kwenye spoku.

"Nani amekwambia?" aliuliza.

"Bei ya sindano ya kabureta."

Daktari alipomsimulia, mpima ardhi alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unanilipia nauli."

"Na wewe yangu." Daktari akaketi. "Ungenitafuta ulipoumwa."

"Nikwambie nini? Njoo unione ninavyolishwa kwa kijiko?"

Dada alileta chai, akatoka.

"Chukua sindano yangu," alisema mpima ardhi. "Niliiweka mwezi mmoja kabla ya kuanguka."

"Nikiitoa haitawaka."

"Kwani sasa inawaka kwa ajili ya nani?" Kisha akasema taratibu, "Lakini iwashe kwanza."

Tangi lilikuwa tupu. Daktari akachota petroli kwenye yake kwa chupa, akamimina, akapiga kiki. Mara ya tatu ikashika. Sebule ikajaa moshi na mlio. Dada alikuja mbio kutoka jikoni, akamwona kaka yake amefumba macho, akarudi alikotoka. Daktari aliiacha iungurume mpaka mwenyewe alipoinua mkono.

Akachuchumaa kuifungua kabureta.

"Taratibu na hiyo skrubu."

"Najua."

"Najua kama unajua."

Aliifunga sindano kwenye pikipiki yake uani, petroli ikakoma kudondoka. Mpima ardhi hakuweza kutoka kumsindikiza. Alimpungia kutoka dirishani, naye akapunga. Tangu aliponawa mikono, Daktari alikuwa na sentensi mdomoni, ya kuuliza kama aje tena, lakini haikutoka. Wala hakuna aliyemwambia "karibu tena."

Jumatatu alipita dukani kusema sindano isiagizwe.

"Na yule bwana?" aliuliza muuza spea.

"Yupo."

"Msalimie basi. Mwambie duka bado lipo."

"Nitamwambia," alisema Daktari. Na njia nzima alijiuliza aende siku gani, na aseme amefuata nini, maana pikipiki ilikuwa haina tena ubovu wowote.