Jamilu na Tundu la Sindano

Kwa miaka ishirini Jamilu amebeba mahindi ya Tororo akiyavusha mpaka wa Busia, na anachokijua vizuri kuliko vyote ni bambo, kile chuma chenye ncha ambacho wakaguzi huchoma nacho gunia wapate kuchota punje za kupima. Bambo likichomolewa, gunia huvuja. Usiposhona tundu, utafika sokoni na gunia lililosinyaa.

Sasa mkewe Zulaika, mwenye miaka arobaini na moja na mimba ya kwanza kufikia miezi minne, alikuwa ametoka Kisumu, ambako daktari alimchoma tumboni sindano ndefu na kuchota maji kidogo ya mtoto ili apime kama ana kasoro. Majibu yangechukua wiki mbili, lakini Jamilu hakuyawaza majibu. Aliiona sindano ile kwa macho yake, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi mwanamume mzima akageuka mkaguzi. Zulaika akikohoa, yeye "Polepole!" Akicheka, "Funga mdomo, maji namwagika!" Siku ya tatu akapiga marufuku pilipili, eti italeta chafya. Uvumilivu ulimshinda Zulaika, akamwita Loice, jirani yao, muuguzi anayevuka kila siku kwenda kazini upande wa Kenya.

"Sista, mimi iko na swali moja," Jamilu alisema, kofia mkononi. "Ile tundu, nani nashona?"

Loice aliuma mdomo asicheke. "Halishonwi, mzee. Hujifunga lenyewe, na maji hurudi. Sikudanganyi, kuna mimba chache ambazo hutoka baada ya kipimo hiki. Zulaika, umeona maji? Damu? Tumbo linakaza?"

"Hapana. Anayenikaza ni huyu."

"Na kama sindano nagusa mtoto?" Jamilu aliuliza. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hii, na ya tatu hakuwa na moyo wa kuipoteza.

"Daktari alikuwa akimwona mtoto kwenye skrini muda wote. Lakini tusikilize."

Loice akatoa kifaa kidogo cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakipitisha tumboni. Kikakoroma, kikanyamaza. Mara chumba kikajaa mdundo, wa haraka haraka, wa mtu mwenye safari zake.

Jamilu akapiga magoti kando ya kitanda.

"Asalaam aleikum," aliliambia tumbo kwa adabu zote. Kisha akatamka neno ambalo kwa mimba zote tatu hakuthubutu kulitamka: "Mimi iko baba yako."

Akalia waziwazi mbele ya jirani, wala hakuona haya.