Uzi wa Mjinga

"Mifuko yote," alisema meneja, akaiweka karatasi juu ya meza ya kukatia. "Ya ubavuni na ya kifuani. Ishonwe, Loretta. Alhamisi asubuhi nisione hata mmoja unaopitisha kidole."

Loretta Gapinski alikuwa na pini nne mdomoni, kwa hiyo hakujibu. Miaka ishirini na sita ya kushona na kurekebisha sare katika chumba cha chini cha Hoteli ya Harland, hapo Milwaukee, ilikuwa imemfundisha faida ya pini: humpa mtu muda wa kumeza tusi.

Meneja huyu, Craig Lindahl, aliingia Novemba pamoja na baridi. Siku ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi wote akawaambia, "Niiteni Craig tu, hapa sisi ni familia moja." Loretta akaendelea kumwita Bwana Lindahl. Familia yake aliijua, na huyu hakuwamo.

Karatasi yenyewe ilikuwa na kurasa tano na jina refu, Mwongozo wa Mwonekano wa Kitaaluma. Kucha zilikuwamo, nywele zilikuwamo, hereni, rangi ya soksi, hata namna ya kutabasamu. Ukurasa wa nne ulikuwa wa mifuko. Mifuko iliyotuna, ulisema, humvunjia mhudumu hadhi ya kazi yake.

"Wanatembea wametuna kama kangaruu," alisema Craig, akacheka peke yake. "Kalamu, matambara, chokoleti za kuweka juu ya mito ya vitanda. Mgeni anataka kuona mtu nadhifu. Hataki kuona ghala linatembea."

Loretta akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake cha pini.

"Na kitufe cha kuitia mlinzi?"

"Kitufe kina kulabu yake kwenye kigari cha mashuka. Soma aya ya mwisho."

"Kigari kinabaki koridoni, Bwana Lindahl. Mtu yuko ndani."

"Ndiyo maana tunaacha mlango wazi."

"Mlango hufungwa na anayetaka kuufunga."

Craig akatazama saa yake. "Sikuja kujadili. Mwenye hoteli anakuja Alhamisi kukagua, na wewe ndiye utakayesimama naye na orodha mkononi. Atakayekutwa na mfuko wazi anarudi nyumbani. Akirudia mara ya tatu, harudi kazini. Umebakiza miaka miwili ustaafu, sivyo? Tuimalize kwa amani, wewe na mimi."

Alipofika mlangoni aligeuka, akalitazama koti la kazi la Loretta, lenye mifuko miwili mikubwa iliyojaa futi, chaki na mkasi.

"Hilo liache. Nyinyi wa huku chini hamuonekani na wageni."

Akaenda zake. Loretta alibaki amesimama, masikio yanamwaka. Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa ile inayopanda polepole kama joto la pasi, mpaka mtu akaona afadhali ashike kitu mkononi asije akakirusha. Akaushika mkasi. Kisha akaurudisha mezani, kwa sababu mkasi haukuwa na kosa.

Kitufe hicho hakikuwa pambo. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na kila msafisha vyumba alipewa chake baada ya miaka ya kulalamika. Ukikibonyeza, redio ya mlinzi inapiga kelele na kutaja namba ya chumba ulichomo. Septemba iliyopita, kwenye chumba 914, Mai See Vang alikuwa amepiga magoti anasugua beseni la kuogea. Mgeni aliyedhaniwa ametoka akatokea nyuma yake, akausukuma mlango kwa kisigino. Kigari kikabaki upande wa pili na mashuka yake, sabuni zake na kulabu zake. Mkono wa Mai See ukaingia mfukoni kabla yeye mwenyewe hajajua umeingia. Mlinzi alifika bado mwanamume anamwambia ni utani tu. Na hoteli ikafanya nini? Ikamhamishia yule mgeni chumba kizuri zaidi, na kifungua kinywa cha bure, kwa usumbufu alioupata. Mai See akapewa mapumziko ya nusu saa.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyeandika ukurasa wa nne hajapata kusugua beseni la mtu.

Kesho yake, Jumatano, sare zikaanza kushuka. Wanawake walizileta wakizitupa kwenye kapu, wengine wakisonya, wengine wakifanya mzaha.

"Bi Loretta, na hili tundu la kichwa utalifunga pia?" aliuliza Yesenia wa ghorofa ya tano. "Maana kichwa nacho kimetuna."

Mai See alikuja wa mwisho. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, Mhmong wa asili ya Laos aliyelelewa papo hapo mjini, mwenye desturi ya kukunja kila kitu, hata risiti. Sare yake alikuwa ameikunja vizuri, kola juu. Akaiweka mbele ya cherehani.

"Wewe ndiye utakayesimama na orodha?"

"Mimi."

"Sawa." Akaisukuma sare kidogo mbele. "Basi ukimaliza mifuko, nishonee na mdomo."

Akapanda ngazi. Hakungoja lifti.

Loretta angeweza kusema kwamba si yeye aliyeandika, kwamba mkono wake ni wa kutumwa. Aliyafikiria maneno hayo na yakamchefua. Sindano pia ni ya kutumwa, lakini inayomtoboa mtu ni hiyo hiyo. Akakaa kitini akaitazama sare, mfuko wa kulia umechakaa ukingoni pale mkono unapopita mara mia kwa siku. Miaka miwili tu. Akijitia kichwa kigumu leo, kesho Craig atamleta mshonaji mwingine, na mifuko itafungwa kwa mshono wa kufa na kupona, uzi mara mbili, usifunguke hata kwa meno.

Akainuka kwenda kutafuta uzi wa kijivu. Ulikuwa rafu ya chini kabisa, na mbele yake ilikaa ile mashine ya mkono wanayoitumia kufungia magunia ya matambara, mashuka yaliyochoka yanayouzwa mwisho wa mwezi. Akaisogeza. Halafu akasimama hapo hapo, mkono juu ya mashine.

Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kimea cha bia, shayiri inaingia, magunia yanatoka. Loretta alipokuwa na miaka saba, baba alileta nyumbani gunia moja akamwambia afungue. Kila gunia lina nyuzi mbili zinazoning'inia, moja kila upande. Loretta akavuta ya kushoto. Mshono ukakaza. Akavuta tena, ukakaza zaidi, na baba akacheka mpaka akakaa chini. "Huo ni uzi wa mjinga," akamwambia. "Kila asiyelijua gunia huuvuta huo. Sasa vuta wa mwenye gunia." Akavuta wa kulia, na mshono wote ukaachia kwa pumzi moja, trrrr, uzi mzima ukabaki mkononi na gunia likafumbua mdomo.

Loretta akaibeba mashine ile mezani. Akaivisha uzi wa kijivu, akalegeza kidogo, akajaribu kwenye kitambaa kibovu mara tatu. Kwa nje ulikuwa mstari mmoja mnyoofu, safi, usioonyesha nia yoyote. Mkia wa kulia akaupenyeza ndani ya ukingo wa mfuko, kwenye kikunjo, pale kidole gumba kinapotua chenyewe. Wa kushoto akauacha nje kidogo, nusu ya ukucha.

Sare arobaini na mbili. Alipomaliza, mgongo ulimuuma na alijisikia vizuri kuliko siku nyingi. Akapanda hadi chumba cha chai kabla zamu haijaisha. Mwongozo ulikuwa umebandikwa juu ya birika.

"Njooni mchukue nguo zenu," akasema. "Na kila mmoja anisikilize, sitarudia."

Akawaeleza. Wa kulia msiuguse mpaka milango ya lifti ifungwe. Mkifika kwenye vigari, kitoeni kitufe kwenye kulabu, kitieni kinapostahili. Jioni mniletee sare, nitazifunga tena, mfuko mmoja ni sekunde mbili.

"Kila siku?" aliuliza Yesenia.

"Kwani mimi nina safari?"

Mai See alikuwa ameipindua sare yake, anaufuata mshono kwa ukucha. Bibi yake alitarizi maua madogo kiasi kwamba watu wa makumbusho waliyapiga picha.

"Bibi yangu angeuona mshono huu angekucheka, Bi Loretta."

"Ndiyo maana unafaa. Mshono mzuri haufunguki."

Mai See hakucheka. Aliikunja sare upya, kola juu. "Na akigundua, utafukuzwa wewe au sisi?"

"Mimi kwanza," alisema Loretta. "Mkono ni wangu."

Alhamisi, saa moja kasorobo asubuhi, walipangwa mstari kwenye ukumbi wa nyuma, mbele ya lifti ya wafanyakazi. Mwenye hoteli, Bi Aldrich, alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye mkoba wa ngozi ambao ungemmeza paka. Theluji ilikuwa bado inayeyuka mabegani mwake. Loretta alisimama na orodha. Kwa kila jina alipaswa kupitisha rula kwenye mfuko na kusema neno moja.

"Umefungwa."

Akasogea. "Umefungwa." Akasogea tena. Wanawake walimtazama Bi Aldrich kwa macho yale yale wanayomtazamia mgeni anayeuliza taulo. Yesenia aliuma shavu kwa ndani. Kwenye sare ya thelathini na kitu sauti ya Loretta ilikuwa imekauka, na chini ya ukavu huo hasira ilikuwa palepale, kwamba watu wazima wenye wajukuu wamesimamishwa hivi kama shehena, wapimwe kwa rula.

Alipofika kwa Mai See, Craig akainama.

"Hapa kuna uzi," akasema. "Unaning'inia."

Na akanyoosha mkono kwenye nyonga ya Mai See. Hakuuliza. Aliunyoosha kama mtu anayetoa vumbi kwenye kiti.

Mai See akarudi nyuma hatua moja. "Usiniguse."

Haikuwa sauti ya juu, lakini mstari wote uliisikia, na wote walijua mara ya mwisho aliyasema wapi maneno hayo. Craig akaganda, mkono hewani, masikio yamemwiva. Bi Aldrich akahamisha mkoba bega.

"Ni uzi tu," alisema Craig.

"Nauona. Nitautoa mwenyewe."

Loretta alikunja orodha mkononi mpaka karatasi ikalia. Kidole gumba cha Mai See kilishuka, kikapita karibu na ukingo wa kulia, kikaupita. Akaushika uzi wa kushoto. Akamkazia Craig macho, akauvuta kwa nguvu. Mshono ukajikunja, ukakaza, mfuko ukauma meno.

"Mmeona?" Craig alimgeukia Bi Aldrich, pumzi imemrudi. "Hiyo ndiyo kazi ya kitaaluma. Ukivuta, inazidi kukaza."

"Vizuri sana," alisema Bi Aldrich.

"Umefungwa," alisema Loretta, akatia alama.

Lifti ikafunguka, wakaingia, wengine wakangoja ya pili, na ya tatu. Mara ya mwisho milango ilipofungwa Loretta alisikia, au alidhani amesikia, sauti ndogo nyingi kwa pamoja, trrrr. Kisha kikohozi cha Yesenia, kile cha kufunika kicheko.

Lifti ikarudi tupu. Sakafuni mwake nyuzi za kijivu zilikuwa zimejisokota kama nywele kwenye kinyozi. Na nyuma ya Loretta, Craig alikuwa anasema, "Twende na hii hii, Bi Aldrich, ni ya haraka. Nataka uvione vigari vilivyopangwa, kila kitufe kwenye kulabu yake. Tutaanza na ghorofa ya tisa."

Loretta akaingia mbele yao. Akapiga magoti, magoti ya miaka sitini na moja, akazizoa nyuzi kwa viganja viwili na kuzishindilia kwenye mfuko wa koti lake mpaka ukatuna.

"Loretta," alisema Craig, akiuelekezea kalamu. "Mfuko wako."

"Mimi ni wa chini, Bwana Lindahl," alisema, akajiinua kwa kushika ukuta. "Sionekani."

Akatoka, wakaingia. Milango ikafungwa mbele ya uso wa Bi Aldrich, ambaye sasa alikuwa anautazama ule mfuko. Loretta hakwenda chini. Alisimama akifuata namba zilizowaka juu ya mlango, tatu, nne, tano, mkono mfukoni, uzi umemzunguka kidole mara mbili na anazidi kuuzungusha. Saba. Nane. Taa ikafika tisa, ikabaki hapo.