Mwizi wa Bweni la Wakunga

Fundi majokofu huyu hakuwa mtu wa uongo, na hapo ndipo mtu anaposhikwa na hasira. Mtu anayekwambia usoni kwamba jokofu lako limekufa na ulizike, kisha akaenda kudanganya kwenye fomu ya ubalozi! Tena si fomu ya mchezo. Ni fomu ya kumfuata mke wake wa ndoa, mkunga, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo na sasa alikuwa huko mwaka wa pili.

Swali lenyewe lilikuwa moja tu: umewahi kupatikana na hatia ya kosa lolote, hata dogo, hata la zamani? Mama Printa, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, alimsomea kwa sauti, vidole juu ya kompyuta. Fundi akatazama viatu vyake.

"Hapana," akasema. Mama Printa akabonyeza hapana, wakaendelea na maswali ya chanjo.

Njia ya mwongo ni fupi. Polisi walichukua alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema, na cheti kikatoka na mstari mmoja: miaka kumi na moja iliyopita, kuingia eneo la watu bila ruhusa, adhabu wiki mbili za kufagia uwanja wa mahakama. Basi. Kufagia! Ubalozi ukajibu kwamba kosa lenyewe si kitu, ila mwombaji ameficha, kwa hiyo maombi yamekataliwa. Ataruhusiwa kuomba mara moja tena. Akikutwa na uongo mwingine, atakaa miaka kumi bila kuomba.

Miaka kumi! Miwili tu ilikuwa imemkondesha. Asubuhi alipika chai ya watu wawili, akanywa nusu, nusu akaimwaga. Usiku alilala ukingoni mwa kitanda, upande wake uleule, na hakuna aliyemzuia kujinyoosha. Jioni walikula pamoja, kila mmoja na simu yake imeegemezwa kwenye jagi la maji.

"Kula, mume wangu. Usinitazame."

"Nikikutazama nashiba."

"Shiba hiyo ndiyo imekufanya ubaki mifupa."

Simu ikikatika, nyumba ilinyamaza mpaka masikio yakamuuma. Kuna jioni alikwenda kwa jirani kukagua friza ambayo haikuwa mbovu, ili tu akae jikoni asikie mwanamke akimgombeza mumewe. Hamu ilimfikisha huko, mtu mzima na sanduku lake la spana.

Alipokataliwa alimwambia mkewe karatasi za polisi zilichelewa.

"Zimecheleweshwa na nini?"

"Mtandao."

Mtandao jamani, umebeba dhambi ngapi za watu!

Safari ya pili Mama Printa hakugusa kompyuta. Alikunja mikono. "Mficha uchi hazai, Fundi. Niambie ulifanya nini, au nenda kachapiwe kwingine."

Akamwambia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Enzi hizo mkewe alikuwa mwanafunzi wa ukunga, anaishi bweni la chuo. Mgeni wa kiume alikuwa haruhusiwi hata kusogelea geti, na msichana akikutwa na mgeni alifukuzwa chuo, hakuna cha samahani. Ikaja mitihani, wiki tatu hawajaonana. Wiki tatu kwa kijana mwenye mapenzi ni kifungo. Jioni moja akavaa kofia, akanunua machungwa, akapanda ukuta wa nyuma. Mguu mmoja ulikuwa ndani na mmoja nje pale msichana aliyekuwa anaanua nguo alipogeuka, akaona kichwa juu ya ukuta, akapasua yowe.

"Mwizi! Mwizi jamani, mwizi!"

Walinzi wakamvuta kwa nje, machungwa yakatawanyika barabarani. Mahakamani alikiri kosa, kwa hiyo aliyepiga yowe hakuitwa, maelezo yake yalisomwa tu. Aliulizwa alimfuata nani, akasema hakuna. Akafagia wiki zake mbili, kisha akaenda kukutana na mchumba wake mjini na hadithi ya homa.

"Sasa mbona hukumwambia mkeo?" Mama Printa akauliza. "Kosa la kimapenzi hilo. Angecheka."

"Yule aliyepiga yowe alikuwa yeye."

Mama Printa akafungua mikono yake.

Ndiyo, alikuwa yeye. Sauti ile Fundi aliijua palepale, juu ya ukuta. Na siku ile ya hadithi ya homa hakupewa hata nafasi ya kukohoa, maana mchumba alikuwa na habari yake: "Umekosa mambo! Nimekamata mwizi!" Alikuwa amejaa furaha na ujasiri hata Fundi akameza alichotaka kusema. Hadithi ile ikaingia ndoani pamoja nao. Wakija wageni lazima isimuliwe. Kila mwaka mwizi alirefuka. Mara ana kisu, mara ana panga, na Fundi yuko pembeni anagawa sahani na kucheka kuliko wote. Angemwambia lini? Aanzie wapi? Kila mwaka uliopita ulifanya neno hilo kuwa zito zaidi, mpaka likamfikisha kwenye fomu, ambayo mkewe naye angeisoma.

Na sasa hapakuwa na pa kujificha. Ubalozi ulitaka nakala ya hukumu, na ulitaka mke aisome na kusaini kwamba anajua. Katika hukumu iliandikwa wazi: kelele zilipigwa na mlalamikaji, mwanafunzi wa chumba namba nane.

"Akisoma ataumia," Fundi akasema.

"Asiposoma utakaa hapa miaka kumi," Mama Printa akajibu. "Chagua."

Aliituma. Siku tatu simu haikulia. Fundi alifunga kompresa ya jokofu la mteja kinyume, akaifungua, akaifunga kinyume tena. Siku ya nne ikalia.

"Ni wewe?" mkewe akauliza.

"Ni mimi."

"Na machungwa?"

"Yalikuwa yako."

Akalia, mkunga wa watu, kilio cha sauti. Kisha hasira ikampanda. "Miaka kumi na moja unacheka na wageni wangu! Unaniacha nisimulie!"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

"Usinitanie! Ulipokataliwa uliniambia mtandao. Mwaka wa pili huu nalala peke yangu, mume wangu, kwa ajili ya nini? Ili mimi nisione aibu?"

"Sikutaka ujue kwamba mwizi wako ni mimi. Nilijua ungejilaumu."

"Aibu ningeizoea," mkewe akasema. "Wewe kutokuwepo sijazoea." Akakata simu.

Baada ya wiki moja Mama Printa alimpigia aje upesi, barua ya mke imeingia kwenye kompyuta ya duka ili iambatishwe kwenye maombi. Fundi alikuta wateja wawili wakisubiri. Hakuthubutu kuisoma mwenyewe. Akamwomba Mama Printa amsomee, naye akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile ya kusomea fomu.

"Mheshimiwa ofisa, nimeisoma hukumu. Mlalamikaji wa chumba namba nane ni mimi. Nataka kurekebisha ushahidi wangu, japo nimechelewa miaka kumi na moja. Mtu yule hakuwa na kisu. Hakuwa mwizi. Alikuja kuniona mimi, na akakubali kuitwa mwizi ili mimi nisifukuzwe chuo. Alificha kosa hili kwenye fomu yenu kwa sababu alikuwa analificha kwangu. Amekosea, na mimi mwenyewe nimemgombeza."

Mama Printa alikohoa, akatafuta mstari.

"Siku ile nilimwita mwizi kwa sababu sikumtambua. Leo namtambua, na ninamhitaji. Nawaomba, safari hii aingie kwa mlango."

Fundi alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka mbele za watu. Mmoja wa wale wateja akamsogezea kiti, lakini hakukaa.

"Kuna sehemu za kunyoosha," Mama Printa akasema kwa upole. "Barua za ubalozi haziandikwi hivi."

"Tuma," Fundi akasema. "Tuma hivyohivyo."